Saa ya Kichwa Chini

Miaka kumi na mmoja saa yangu ilikaa kifuani,
imebandikwa kwa pini, kichwa chini,
isomwe na mimi peke yangu
nikiinama, vidole viwili kwenye kifundo cha mtu,
midomo ikihesabu bila sauti.
Wodi ya Sita, Halifax, upande wa madirisha
yanayotazama mabomba ya viwanda yasiyotoa moshi tena.

Sasa napanda treni ya saa moja na dakika nane kwenda Leeds,
koti jeusi, viatu vinavyolia.
Viatu vya wodini havikulia. Hilo ndilo la kwanza nililolikosa:
kupita kando ya usingizi wa mtu bila kuugusa.

Sikuhama kwa njaa tu, ingawa njaa ilikuwemo:
kodi ya nyumba, ada ya mdogo wangu Shinyanga,
na kiuno kilichoanza kunijibu kila nilipomgeuza mgonjwa.
Mama alisema kwenye simu, usiache mbachao kwa msala upitao.
Nikamwambia, Mama, mbachao wenyewe umenitobokea magotini.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake
ikisoma matangazo ya vifo.

Kulikuwa na mzee Ormerod, kitanda cha nne,
mfumaji wa mazulia zamani, mapafu yamejaa sufu.
Alijifunza jina langu kwa silabi, siku tatu:
Ka. Shi. Nje.
Siku ya nne akalisema lote, akakohoa, akacheka,
akadai chai kama malipo.

Ofisini wamelikata. Wananiita Kash.
Kash, lete hesabu. Kash, umeiona barua pepe?
Nami kila mara nasikia keshi,
nageuka kama droo ya duka inayofunguka.

Kazi yangu ni magodoro.
Magodoro ya hewa, ya kuzuia vidonda vya kulalia;
tunayakodisha kwa hospitali, kwa kitanda, kwa usiku.
Nina jedwali lenye safu mia mbili na kumi.
Hakuna safu inayonuka.
Hakuna inayoniuliza kama binti yake amepiga simu.
Mwanzoni nilifurahi, nisiseme uongo:
nilikula chakula kikiwa cha moto,
nilikwenda msalani nilipobanwa, si saa sita baadaye.

Halafu Jumanne hii, mkutano.
Bwana Fairclough, kijana mpole mwenye kalamu tatu,
alituonyesha godoro jipya, bei imeshuka kwa theluthi,
limeondolewa kifuko kimoja cha hewa, kile cha miguuni.
Hakuna tofauti, alisema, kwa mgonjwa wa wastani.

Mgonjwa wa wastani sijawahi kumwosha.
Nimemwosha Ormerod, kisigino cha kushoto,
chekundu Ijumaa, cheusi Jumatatu,
wikendi tuliyokuwa wauguzi wawili kwa vitanda ishirini na nane
nami nikachelewa kumgeuza.
Nikachelewa. Neno hilo halina safu.

Nilisema, "Kisigino."
Sauti ilitoka ile ya usiku, ya chini.
Wakasubiri. Fairclough akauliza kwa upole, una takwimu?
Nikasema ninayo moja.
Wakacheka kidogo, kwa adabu, wakidhani ni utani.
Kisha nikatoa na nyingine, maana nilikesha nikizitafuta:
gharama ya kidonda kimoja, siku za kulazwa, bandeji, fidia.
Nilikigeuza kisigino cha mzee kuwa pauni,
na pauni wakazielewa.
Uamuzi umesogezwa hadi mwezi ujao.

Kwenye treni ya kurudi najiuliza
nimemtetea au nimemuuza.
Mbele yangu bibi mmoja amesinzia,
mkono umelegea juu ya mkoba, mshipa unaonekana.
Nimeinamisha kidevu nitazame saa.
Kifuani pana kitambulisho cha kampuni,
kichwa juu,
kinasomwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Nimehesabu pumzi zake hata hivyo,
kutoka Bradford hadi Low Moor:
kumi na sita, kumi na saba,
bila kujua ni kwa muda gani.